Nilishiriki chemsha bongo ya chakula kwenye TV: osuga nilirudishiwa, ngege akanitoa

Mama Kibuye (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Kipindi kilionyeshwa Jumamosi usiku, kwa hivyo sasa naruhusiwa kusema. Nilitia sahihi karatasi kwamba sitatoboa matokeo mpaka kirushwe hewani, na kwa miezi miwili na zaidi hata mamangu mzazi hakujua niliishia wapi. Jina la kipindi sitaliandika. Waliotazama wanajua, na kuna kosa nitakalolieleza ambalo wenyewe walilirekebisha, kwa hivyo sitaki mtu yeyote aende kuwapigia kelele.

Ninaandika kwa sababu moja. Waliotazama waliona alama zangu zikipanda kumi bila mimi kujibu swali lolote. Kwenye kundi moja la WhatsApp la huku kwetu mtu ameandika kwamba nilibebwa kwa kuwa nililia mbele ya kamera. Sikulia na sikubebwa. Sehemu yenyewe ilikatwa, na mtu asiyeiona ana haki ya kuuliza. Nitaeleza yote, mnivumilie, nitaandika kwa vipande kati ya wateja.

Mimi nina hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye, meza sita na jiko la kuni nyuma, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwetu ni Vihiga kwa Waluhya, nimeolewa Seme kwa Wajaluo. Mboga niliyoiita murere nikiwa mtoto, nikifika kwa mume nikaikuta inaitwa apoth. Lisutsa ikawa osuga. Tsisaka ikawa dek. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikitumwa sokoni na mama mkwe narudi na kitu kingine kabisa. Kumbukeni hilo, litarudi.

Tangazo nililionea kwenye simu ya mteja. Unatuma jina, wanakupigia, wanakuuliza maswali ishirini papo hapo. Nilijibu nikiwa nimesimama juu ya sufuria ya madondo, nikapata kumi na saba. Baadaye wakatuita kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, tukawa watu kama sabini. Pale hawakuangalia tu unachojua. Kulikuwa na baba mmoja mzee aliyejua kila kitu kuhusu samaki na nafaka, lakini alijibu kwa sauti ya chini mno, akaachwa. Iliniuma. Kama wangemwekea maikrofoni karibu na mdomo, leo yeye ndiye angekuwa anawaandikia.

Mwana Yala

Nimevuta kiti dada. Nilikuona, na hilo swali lako la mwisho nina mengi ya kusema, lakini maliza kwanza.

Msomaji wa Nakuru

Mimi ndiye niliyeandika kwenye uzi mwingine kwamba zile alama hazieleweki. Sikusema ulibebwa, nilisema hazieleweki. Nasubiri maelezo.

Mama Kibuye

Ndugu wa Nakuru, asante kwa kuuliza waziwazi. Nafika hapo.

Kujiandaa. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili, na mwalimu wangu akawa kitinda mimba wangu, wa gredi ya nane. Jioni nikikanda unga wa chapati yeye anakaa kwenye kreti ya soda ananiuliza. Tulianza na ya dunia, maana niliogopa hayo ndiyo yangenimaliza. Zafarani ni nyuzi za ndani ya ua, si mbegu. Mahindi, nyanya, pilipili, mihogo, viazi, karanga, vyote asili yake ni Amerika, vililetwa Afrika baada ya Wareno kuanza kuzunguka pwani zetu. Hilo lilinishtua. Ugali mweupe ninaousonga kila siku ni mgeni kuliko mtama na wimbi ambazo watoto wangu wanaziona chakula cha wagonjwa.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903 kule Limuru. Hiyo kijana aliipenda kwa sababu ni nambari rahisi. Lakini iliyomkaa moyoni ni ya vanila. Vanila ni mmea wa jamii ya okidi kutoka Meksiko, na ukipelekwa mbali na kwao hauzai kwa urahisi, maana wadudu wanaouchavusha wamebaki nyumbani. Mwaka wa 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, mvulana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius akagundua jinsi ya kuchavusha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Mpaka leo mashambani wanatumia njia ile ile. Kijana wangu alinyamaza akaniuliza, "Mama, huyo ni wa miaka yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akaliandika jina lake kwa kalamu nyekundu.

Nilipanda basi la usiku. Walituambia tubebe nguo tatu, zisizo na maandishi ya kampuni wala mistari myembamba, maana mistari hiyo inatetemeka kwenye kamera. Rangi ya kijani pia walikataa. Nami gauni langu la maana ni la kijani! Niliazima kitenge cha shemeji.

Studio ni baridi, wadau. Taa zinachoma utosi na miguu inaganda. Kidude cha maikrofoni kinabanwa kolani, betri yake inafungwa kiunoni nyuma, ukiketi vibaya inakuchoma mgongo. Tulirekodi kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi na mbili jioni kwa kipindi mlichokiona kwa dakika hamsini. Washiriki tulikuwa wanne. Mmoja mpishi wa hoteli kubwa kutoka Nakuru, mmoja kijana wa chuo kutoka Eldoret, mmoja dada kutoka Kiambu, na mimi.

Ngoja nihudumie watu wa saa saba, narudi.

Mwalimu wa Kakamega

Wakati tunamsubiri: hayo ya wimbi ni kweli na yana ushahidi jirani hapa. Kakapel, upande wa Teso katika Kaunti ya Busia, ni mwamba wenye michoro ya kale ambao wengi wetu tumeupita bila kuujua. Wanaakiolojia walichimba pale, na mwaka wa 2024 wakachapisha waliyoyapata: kunde iliyoungua yenye umri wa miaka kama 2,300, na mamia ya mbegu za wimbi za angalau miaka 1,000. Kunde ambayo mama anaichambua leo pale sokoni Luanda, hapa Vihiga, ililiwa eneo hili kabla mtu yeyote hapa hajaona punje ya mahindi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wakiona wimbi wasikunje uso.

Mama Kibuye

Mwalimu, laiti ningeyajua hayo kabla. Asante sana.

Raundi ya kwanza: kutambua. Wanaleta sahani, unabonyeza kitufe, unataja. Sahani mbili za kwanza nilipata, iliki na njugu mawe. Ya tatu ikaletwa mboga mbichi, kishada kizima. Niliijua kabla haijatua mezani. Majani mapana ya kijani kizito, ukingo wake una mawimbi kidogo, na chini ya shina vitunda vidogo vyeusi vya zambarau kama shanga. Hiyo ndiyo aina ya majani makubwa, tofauti na ile ya majani madogo inayozaa vitunda vya rangi ya chungwa ambayo ni chungu zaidi. Mimi nanunua mafungu ishirini kila Jumanne, wadau. Nilibonyeza, nikasema kwa sauti, "Osuga!"

Kengele ya kukosa ikalia.

Mwendeshaji akasema, "Pole, si sahihi." Dada wa Kiambu akabonyeza akasema, "Managu." Kengele ya kupata ikalia, akapewa kumi.

Nilihisi uso ukinichoma. Managu na osuga ni mmea mmoja! Ni kama mtu aulizwe mnyama huyu ni nani, aseme paka, aambiwe amekosa kwa sababu kwenye kadi kumeandikwa nyau. Lakini mamangu alinifundisha kutobishana mbele ya wageni, na pale kulikuwa na watazamaji wamekaa kwenye viti. Nikanyamaza. Swali la nne sikulisikia hata. Hapo ndipo mlipoona macho yangu yanang'aa, na hapo ndipo mtu aliposema nililia.

Tulipopumzishwa ili wabadilishe taa, nilimfuata yule binti anayeshika karatasi za ratiba. Nikamwambia polepole: mboga ile Kiswahili chake ni mnavu. Wakikuyu wanaiita managu, Wajaluo osuga, Waluhya lisutsa, Wakisii rinagu. Ukikubali moja, kubali zote, au uulize kwa Kiswahili tangu mwanzo. Binti alinisikiliza. Hakunipuuza hata kidogo, namshukuru mpaka leo. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akampigia simu mtu anayejua mimea, tukakaa kama dakika ishirini na tano tukinywa chai. Waliporudi, mwendeshaji akasimama mbele ya kamera akasema jibu langu lilikuwa sahihi na alama kumi zinarudi kwangu. Dada wa Kiambu naye wakamwachia zake, maana hakukosea. Watu wakapiga makofi. Maelezo hayo yote yakakatwa, mkaona alama tu.

Msomaji wa Nakuru

Nimeelewa, na nakuomba radhi hadharani kama maneno yangu yalichangia. Ila bado nina neno. Kipindi ni cha Kiswahili. Kama jibu ni mnavu, basi nyote wawili hamkusema Kiswahili, na kwa haki mngekosa wote. Tukikubali kila jina la kila lugha, waandaaji watawezaje kuhukumu?

Mama Kibuye

Kama kadi ingesema mnavu ningekubali nimekosa na nisingefungua mdomo. Lakini kadi ilisema managu. Jina la watu wa sehemu moja likawa ndilo jina la nchi nzima, kwa sababu ndilo linaloandikwa kwenye masoko makubwa ya Nairobi. Lililonikaa rohoni ni hilo, kuliko hata zile kumi. Na niulize nawe: wewe hapo Nakuru, ukienda sokoni unaomba mnavu?

Msomaji wa Nakuru

La hasha. Naomba managu. Umenipata.

Mwalimu wa Kakamega

Nyongeza kidogo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, mtafiti mkubwa wa mboga hizi, anatoka huku kwetu magharibi. Zamani hata kwenye vitabu vya kilimo mboga hizi ziliitwa magugu. Mtu akiwa amezoea kuita kitu gugu, hajali kina majina mangapi. Desemba 2021 UNESCO iliweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya uhifadhi. Na msingi wa kazi hiyo ulikuwa kuandika, jamii kwa jamii, watu wanakula nini na wanakiitaje. Kwa hivyo mama, pale studio ulikuwa unafanya kazi ileile.

Mama Kibuye

Mwalimu umenipa nguvu. Hilo la 2021 niliulizwa raundi ya tatu na nikalipata! Kijana wangu aliruka sebuleni mpaka akamwaga chai.

Raundi ya pili ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Unafungwa kitambaa machoni, unapewa kijiko, unaonja. Chakula chote ni baridi, maana kimekaa kikisubiri kamera. Wakaniletea mrenda. Huo kila mtu aliujua, ukivuta kijiko unavutika nao. Swali likawa: kimetumika nini kuulainisha? Wenzangu wote watatu walisema magadi. Nikaushika mdomoni, nikaubana kwa ulimi juu. Magadi yana ukali fulani wa sabuni unaobaki kooni. Huu haukuwa na huo. Ulikuwa na harufu ya moshi kwa mbali, na chumvi laini inayokuja mwisho.

Nikarudi Vihiga nikiwa na miaka saba. Nyanya yangu alikuwa akikusanya mabua na maganda makavu ya maharagwe, anayachoma uani siku isiyo na upepo, jivu analiweka kwenye kopo lililotobolewa matundu chini kwa msumari. Kopo linaning'inizwa juu ya bakuli. Anamimina maji polepole, kikombe kwa kikombe, nasi watoto tunatazama tone la kwanza. Linatoka la kahawia, kama chai ya rangi. Tone, kimya, tone. Mtu akigusa kopo anachapwa mkono, kwa sababu likitikiswa jivu linateremka. Hiyo ndiyo munyu, munyu musherekha.

Nikasema, "Munyu wa jivu la maharagwe." Kukawa na kimya, kisha kengele ya kupata. Mwendeshaji akaniomba nieleze jinsi unavyotengenezwa, nikaeleza nikiwa bado nimefungwa macho. Hilo hawakulikata, nashukuru. Nyanya alikufa mwaka wa 2004, hakuwahi kuingia kwenye nyumba yenye stima. Jumamosi usiku kopo lake lilitajwa nchi nzima.

Dada wa Bungoma

Jamani nimelia. Sisi kwetu tulichoma maganda ya ndizi, na mamangu bado anafanya hivyo. Mimi niliacha nikahamia magadi kwa sababu ya haraka. Wiki hii natafuta kopo.

Kijana wa Eldoret

Mimi si yule mshiriki, natoka tu mji mmoja naye. Swali kwa mama: tuambie ya mwisho. Nilikuwa nakushangilia, ukabonyeza haraka mno.

Mama Kibuye

Nilibonyeza haraka, ndiyo. Tulibaki wawili, mimi na mpishi wa Nakuru, alama sawa. Raundi ya kasi, kweli au si kweli. Mwendeshaji akasoma: "Tilapia anayeuzwa zaidi kwenye fuo za Kisumu leo ni samaki wa asili wa Ziwa Victoria." Mkono wangu ulifika kabla ya akili. Samaki! Kisumu! Nani atanifundisha? Nikasema, "Kweli."

Kengele ya kukosa.

Mbuta, yaani sangara, nilijua ni mgeni. Hata mtoto wa Kisumu anajua mbuta aliletwa miaka ya 1950 na 1960. Lakini tilapia? Ngege? Nimemkaanga tangu niolewe. Kwenye basi usiku nilikaa nikibishana na dirisha. Kufika Kisumu alfajiri sikwenda nyumbani, nilichukua boda boda hadi Dunga, ufuo wa wavuvi, kabla mitumbwi haijarudi yote. Nikamkuta mzee mmoja anashona wavu, nikamuuliza. Akaniambia, "Binti yangu, hawa unaowaita ngege ni nyamami. Ngege mwenyewe mimi nilimwona nikiwa kijana." Nikanyamaza. Nina miaka kumi na moja naandika kwenye ubao wangu, "Ngege leo."

Mwana Yala

Sasa nafasi yangu, na nitaandika ndefu kwa sababu hili jambo lipo moyoni.

Mzee alikuambia ukweli. Ngege halisi kitaalamu ni Oreochromis esculentus. Hilo neno la pili ni Kilatini, lina maana ya kinachofaa kuliwa. Wazungu waliofanya utafiti ziwani miaka ya 1920 walimpa jina la kuliwa kwa sababu ndiye aliyekuwa samaki wa ziwa hili. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, ziliingia upande wetu mwaka wa 1905, reli ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901, na ngege akaanza kusafiri kwa treni. Akavuliwa, akavuliwa, akawa anapungua na kuwa mdogo. Miaka ya 1950 wakaleta tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, ili kuziba pengo. Huyo ndiye nyamami, ndiye mnayemkaanga, na ndiye anayefugwa leo kwenye vizimba. Anakua haraka, anavumilia maji machafu, na anaweza kuzaana na ngege mpaka kizazi kikachanganyika. Mbuta akaja kummalizia. Ngege akatoweka karibu kabisa ziwani, na jina lake likabaki likitafuta mwenyewe. Likamvaa mgeni.

Namna ya kuwatofautisha: tazama mkia. Nyamami ana mistari iliyosimama, myembamba, imepangana mkia mzima kama meno ya kitana. Ngege hana.

Hajaisha lakini. Ziwa Kanyaboli, hapa Siaya, kwenye kinamasi cha Yala, limezungukwa na mafunjo na halina mbuta. Ngege wamebaki humo, pamoja na mbiru, tilapia mwingine wa asili. Wavuvi wa pale wanawajua. Kila ninaposikia mipango ya kukausha kinamasi kwa ajili ya mashamba makubwa, huwa nawafikiria hao samaki kwanza.

Msomaji wa Nakuru

Na siku hizi kuna wa kugandishwa kutoka Uchina, wote wanaitwa hivyohivyo mezani. Mama, usijilaumu. Swali lilikuwa gumu.

Mama Kibuye

Swali lilikuwa la haki, ndugu, na nilikosa kwa haki. Kwa osuga nilijua kwamba kitu kimoja kina majina matano. Hili la jina moja kuvaliwa na vitu viwili halikunipitia akilini, na ndiko jina lilikonificha samaki mzima.

Mwana Yala, nimesoma maneno yako mara tatu. Nimefuta ubao. Nimeandika "Tilapia." Mteja mmoja ameniuliza kama nimepandisha bei.

Kwa wanaouliza kuhusu zawadi: mshindi wa pili nilipata sufuria seti nzima na nauli ya kurudi. Mpishi wa Nakuru alistahili. Raundi ya kasi alikuwa mtulivu kuliko mimi, anasubiri swali liishe. Ukibonyeza katikati, mwendeshaji anaacha kusoma papo hapo, na nusu ya maswali yale hugeuka kwenye neno la mwisho. Mkienda, msifanye kama mimi. Na kuleni kabla, kwa sababu chakula mnachokiona mezani hakuna anayewapa.

Mama Kibuye (baada ya siku tisa)

Wadau, nimekwenda Kanyaboli.

Jumapili nilifunga hoteli, jambo ambalo huwa silifanyi. Matatu hadi Siaya mjini, kisha boda boda. Mwana Yala alinielekeza kwa simu. Ziwa ni dogo, maji meusi, mafunjo yamesimama pande zote marefu kuliko mtu, na kimya ambacho Dunga hakuna. Mvuvi alifungua kikapu. Niliangalia mkia kwanza. Safi, hauna kitana. Mwili wake umeelekea wekundu kidogo tumboni, kichwa kidogo, magamba yamelala vizuri. Ni wadogo, wengi hawazidi kiganja changu. Nilinunua wanne tu. Mvuvi alitaka kuniuzia zaidi, nikasema wanne wananitosha, wengine wabaki.

Sikuwapeleka hotelini. Niliwapeleka Seme kwa mama mkwe, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na macho yake hayaoni vizuri. Niliwapika kama alivyonifundisha mwenyewe mwaka ule wa kwanza: chungu, maji, chumvi, nyanya moja, bila mafuta. Sikumwambia nimewatoa wapi. Nilimsongea ugali wa mtama nikaweka mbele yake.

Alinawa. Akamshika samaki mkia kwa vidole viwili, akaupapasa kwa kidole gumba kama mtu anayepima kitambaa. Akaanza kula. Kijana wangu alikuwa ameketi karibu na daftari lake, nikamfanyia ishara asiseme kitu. Mama alikula upande mmoja, akamgeuza, akala wa pili, hakuongea. Alipofika kichwani, ambacho huwa anakula cha mwisho, akanyanyua uso akauliza kama wamebaki wengine.

Kijana akamjibu wapo, Kanyaboli.